Herufi Zenye Miguu kwenye Kaburi la Mama

Mama alipofariki, kazi ya kuchapa ratiba ya mazishi iliniangukia mimi, kwa kuwa nina steshenari pale Shelui, kando ya barabara ya malori. Nilitumia herufi zilezile ninazotumia kila siku kwa matangazo ya watu: nyoofu, nene, zisizo na pambo lolote. Nikaipeleka nyumbani Misigiri.

Baba aliishika karatasi mbali na macho, kama afanyavyo siku hizi, kisha akanirudishia.

"Haya ni maandishi ya duka la vipuri," alisema. "Mama yako hakuwa mtu wa kutangazwa."

Akanifunulia Biblia yake ya zamani. Kila herufi ilikuwa na vijiguu chini, mistari yake minene pale inaposimama, myembamba pale inapopinda au kulala. Ndizo alizojifunzia kusoma. Alisema zile zangu macho yake yanateleza juu yake, lakini hizi zinamshika. Kompyuta yangu ilikuwa nazo, ila mimi nilizoea kuziweka kwenye mikataba ya mashamba na barua za maombi ya kazi tu. Nikachapa upya. Kanisani niliwaona watu wameinamia karatasi ile, wanaisoma polepole, midomo inacheza. Hapo ndipo nilipolia.

Baba akataka herufi hizohizo kaburini. Nikachapa jina la mama kwa ukubwa, fundi akalibandika juu ya lipu mbichi ya saruji, chini ya msalaba, na kuanza kuyafuata maandishi kwa msumari.

"Dada, hii mistari myembamba haitadumu," alininong'oneza.

"Wewe ifuate tu," nikamwambia. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu.

Lilitoka zuri. Kiangazi chote baba alikuwa akienda pale asubuhi kabla ya chai, anasoma jina la mkewe kwa sauti, halafu anarudi.

Mvua zikaja. Mistari myembamba ikajaa tope, kingo zake zikamomonyoka, na jina la mama likabaki vijiti vilivyoachana, huwezi kujua ni la nani. Kaka yangu alipokuja kutoka Singida mjini alisema ni aibu, tuandike upya kwa herufi nyoofu zinazoonekana. Nilimtazama baba, nikitegemea atakataa.

"Fanyeni," alisema.

Fundi akapiga lipu mpya, akaandika jina kwa herufi nyoofu, nene. Sasa hata mtu anayepita na baiskeli anasoma bila kushuka.

Baba bado huenda, lakini huzunguka akakaa upande wa miguuni, ameupa msalaba mgongo. Mwezi uliopita nilimfuata.

"Shikamoo, baba. Mbona hukai kule mbele, kwenye kivuli?"

"Marahaba. Kule anatangazwa. Hapa pananitosha."

Nikakaa kando yake juani. Hakusoma kitu. Mwishowe akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka.