Mwalimu Aliyetumwa Badala Yake

Nilianguka mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la nne, chaki ikiwa mkononi. Walimu wenzangu walinibeba hadi kituo cha afya kilicho upande wa kambi ya jeshi ya Katindo. Muuguzi alinifunga mkanda wa kipimo mkononi, akapima, kisha akapima tena kama mtu asiyeiamini mashine yake.

"Mama, tansiyo iko kumi na tisa kwa kumi na moja," akasema. "Unaishi nayo tangu siku gani?"

Sikujua. Presha, ambayo sisi Goma tunaiita tansiyo, na ambayo kwingine wangeisoma mia na tisini kwa mia na kumi, ilikuwa imekaa mwilini mwangu bila kuniuma popote.

Nina mtoto mmoja tu, binti, naye anaishi Brussels. Aliondoka miaka sita iliyopita, na hakurudi hata kumzika baba yake. Aliniambia karatasi zake hazijakamilika, nami nikamwamini. Alipoambiwa kwamba nimeanguka, alilia kwenye simu hadi mimi mgonjwa nikawa ndiye wa kumbembeleza.

"Mama, nakuya," alisema. "Wakinipa konje ya mwezi wa saba, utaniona hapo mulangoni. Hata kama ndege zitaacha kushuka Goma juu ya vita, nitapita Kigali, nivuke mupaka na miguu."

Kesho yake, kabla hata hajapewa likizo hiyo, na kabla sijapata nguvu ya kusimama vizuri, nilifua mapazia ya chumba chake.

Wiki chache baadaye msafiri mmoja aliniletea mashine ndogo ya kujipimia. Binti yangu alikuwa amenitafutia mwalimu wa afya wa kunifundisha kwa simu namna ya kula na kuishi, kwa programu ya miezi michache aliyoilipia. Alikuwa msichana wa Arusha, umri sawa na wa binti yangu, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha redioni. Siku ya kwanza alinitokea kwenye simu akasema, "Shikamoo, mama." Sisi huku hatuamkiani hivyo. Badala ya marahaba nikamjibu, "Jambo sana."

Alinipigia kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi alasiri. Kila mlo nilitakiwa kuupiga picha na kumtumia. Picha ya kwanza ilikuwa ya makayabu, yule samaki mkavu wa chumvi ambaye marehemu mume wangu alikuwa akinisifia kwa jinsi nilivyompika.

"Mama, samaki huyu amekaushwa kwa chumvi, kisha unamwongezea kube mbili za viungo vya mchuzi?"

"Njo utamu wake," nikamjibu, maana hiyo ndiyo ladha yenyewe.

Alicheka, lakini hakuniachia. Tulianza na kube, tukaja kwenye chumvi ya mezani, kisha mawese kwenye sombe, majani yetu ya muhogo. Nilijifunza kupika sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwa limao, tangawizi na kitunguu saumu. Mwezi wangu wa kwanza wa masomo hayo chakula changu kilikuwa kama cha hospitali, na nilikula peke yangu, uso umekunjamana. Vidonge vya kituo cha afya aliniambia nisiviache hata siku moja.

Alinitaka pia nitembee nusu saa kila siku. Nilikuwa nikishuka hadi mtaa wa Himbi, nikitazama ziwa kupitia nafasi zilizobaki kati ya kuta za mashirika ya misaada. Kisha vita viliingia mjini, nikabaki kutembea ndani ya uzio wangu, toka jikoni hadi kwenye geti, juu ya mawe ya volkano yaliyonitoboa kandambili.

Ijumaa moja ya siku zile alikuwa akinisomea somo la juma. "Jaribu kuepuka mambo yanayokuletea msongo wa mawazo," alisema. Risasi zikalia upande wa kambi.

"Mama, hicho ni nini?"

"Ni mambo unaniambia niepuke."

Tangu siku ile aliachana na somo hilo, akawa ananiuliza tu nimeamkaje, nimeongea na nani, kama maji yanatoka. Nilimweleza habari za mume wangu. Nilimweleza kwamba darasani nimebaki na nusu ya watoto, na sijui wengine walikimbilia wapi. Binti yangu hakuwahi kuniuliza hayo. Yeye alikuwa akipokea ripoti za msichana yule. Alinipigia mara moja katika mwezi wote ule, akaanza na Jumapili iliyopita: "Mama, mbona siku ya Yenga ulikula vitu vya chumvi?"

Ulipofika mwezi wa sita, mwezi mmoja kabla ya likizo ya binti yangu, tansiyo ilikuwa kumi na tatu kwa nane. Msichana wa Arusha alipiga makofi. Siku hiyohiyo binti yangu alinipigia kwa video, uso unang'aa.

"Mama, Mungu ni mukubwa! Sasa roho yangu imetulia. Basi ile konje nitaenda na barafiki Espagne, nipumzike kidogo. Si uko muzima sasa?"

"Nilizania unakuya kuniona miye," nikasema, nikiiwaza hiyo Hispania yake. "Kumbe ulikuwa unakuya kuona tansiyo."

"Usikasirike, Mama. Itapanda tena."

Nitasema jambo la aibu. Kwa siku tisa sikumeza dawa. Nilinunua makayabu, nikayapika na kube zake mbili, nikayala bila kupiga picha. Nilitaka ipande. Nilitaka aone ile namba ya kwanza, apande ndege. Siku ya kumi kichwa kilinigonga hadi nikashika ukuta, na msichana wa Arusha akaona namba nilizomtumia.

"Mama, niambie ukweli."

Nikamwambia ukweli wote. Nilimwona akifuta macho. "Meza dawa, mama," alisema. "Programu inaisha wiki ijayo, lakini mimi nitaendelea kukupigia. Nakuahidi. Na hizi siku tisa sitaziandika kwenye ripoti."

Alipiga mara mbili. Kisha hakupiga tena. Simlaumu, alikuwa na wagonjwa wengine, nami sikuwa mama yake. Lakini kwa wiki nyingi, ikifika saa kumi ya Jumanne, nilikuwa nikikaa karibu na simu.

Siku hizi wamama wa mtaa wanakuja kwangu kupimwa. Nawafunga mkanda mkononi, nawasomea namba, nawafokea juu ya kube na chumvi. Juzi mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, nani alikufundisha haya yote?"

"Mutoto wangu," nikasema. "Ule wa Brussels."

"Eh, uko na bahati, mama. Batoto betu wanatusahabu."

Nikamwambia anyamaze, akiongea mashine haisomi vizuri.