Kitambaa cha Jora Moja

Kwa miaka ishirini ya kushona sare, Fundi hakuwahi kupiga pasi kitambaa kipya kabla ya kuijaribu kwenye kipande kilichobaki. Sasa, zikiwa zimebaki siku tano za mionzi ya saratani, ngozi ya titi lake ilikuwa imebabuka hata blauzi haigusiki. Jirani yake wa benchi la hospitali, aliyeanza naye mionzi siku moja, hakuwa hata na wekundu.

"Umejipaka manukato wewe, dada," mdogo wake alimshutumu. "Na ulikatazwa!"

"Manukato gani? Hata sabuni naiogopa."

"Basi acha hiyo mionzi. Siku tano ni nini?"

Muuguzi aliyekuwa akisafisha kidonda akaingilia. "Usimlaumu. Wengine ngozi zao huungua upesi, na huenda sehemu ya hilo ni ya kuzaliwa nayo. Tunakusanya damu kwa utafiti, labda siku moja tutajua mapema nani wa kupewa mionzi kwa uangalifu zaidi. Ila wewe, mama, haitakusaidia."

Pasi ni ileile, Fundi alifikiri, kitambaa kimoja kinanyooka na kingine kinajikunja, wala hakuna anayekitukana kitambaa.

"Kumbe mimi ndiye kipande cha kujaribia," alisema, akinyoosha mkono. "Toa damu. Huyu mdogo wangu ni wa jora moja na mimi, huenda ikamfaa yeye."

Mdogo wake akainama.

"Na kesho?" muuguzi aliuliza.

"Saa mbili nipo hapa. Sijawahi kumpa mteja nguo isiyo na pindo."