Picha ya Fisi Aliyevaa Joho

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu mume wangu alikuwa na duka dogo Tinde. Siku hizo vitu vya Kijapani vilikuwa vimejaa kila mahali: vitambaa, viberiti, vikombe vyeupe vya kaure. Vikombe alivichukua stesheni ya Shinyanga, ndani ya masanduku ya mbao, kila kimoja kimeviringishiwa karatasi kuukuu kisivunjike. Kuvifungua ilikuwa kazi yangu. Karatasi nyingi zilikuwa na maandishi ya kwao tu. Moja ilikuwa na picha.

Haikuwa picha ya kamera. Mtu alikuwa ameichonga kwenye ubao, akaupaka rangi, akaugandamiza juu ya karatasi, na ukiitazama vizuri ile buluu ya mbinguni uliona hata nyuzi za mti. Mnyama alisimama kwa miguu miwili kando ya majani marefu, amevaa joho la maua lenye mikono mipana, na mkia unachungulia chini ya pindo. Pua imechongoka! Nilicheka peke yangu mle dukani mpaka machozi yakanitoka. Jioni nikampelekea mama yangu.

Mama alikuwa mjane, anakaa peke yake mwisho wa kijiji, na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Alipenda sana vitu vya rangi. Alipika uji mzito wa muhogo uwe gundi, akaibandika ile karatasi ukutani, mkabala na mlango, ili anayeingia aione kwanza.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama jirani. Mwanamke yule nilimchukia tangu zamani na bado namchukia, Mungu anisamehe akitaka. Wiki ile fisi alikuwa ameingia zizini kwake akabeba ndama. Alikuja bila hodi, akasimama mlangoni, akaiona. Mimi nilikuwa nimekaa pale chini nachambua mlenda.

"Picha ya nani hii?" akauliza.

"Yangu," mama akajibu, tena kwa fahari.

Basi, ikawa imekwisha. Picha tulizozijua sisi zilikuwa za watu waliokaa kitini mbele ya mpiga picha kule stesheni. Picha ilikuwa ya fulani, yu hai au amekufa, na picha isiyo ya mtu yeyote haikutuingia akilini. Mama alimaanisha karatasi ni mali yake. Jirani akasikia kwamba yule mwenye mkia ni mama mwenyewe. Na kwa Wasukuma hakuna asiyejua kwamba mchawi na fisi ni kitu kimoja. Mimi nililisikia lile kosa likipita mbele yangu. Nikaliona upuuzi, nikaendelea na mlenda wangu.

Siku ya tatu watoto wakawa wanamfuata mama njiani, "Mbiti! Mbiti!" yaani fisi kwa Kisukuma. Akifika kisimani, wanawake wanainua mitungi yao na kuondoka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kwa samadi, nayo yakafanywa ushahidi. Ya yule jirani hayakuwa mekundu? Yalikuwa mekundu kuliko ya mama! Washenzi wakubwa.

Mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, akaita watu asubuhi. Akionekana ni mchawi, mama ahame kabla ya jua kuchwa, nyumba yake ichomwe. Njiani mume wangu akanishika mkono.

"Ukisema imetoka dukani kwangu, hakuna atakayekanyaga pale tena," akaniambia. "Na wewe ni damu yake. Wakikuunganisha naye, mimi simo. Utaondoka naye."

Ile karatasi walikuwa wameibandua na udongo wa ukuta, wakaileta pale mkutanoni. Mama akaeleza mara mbili kwamba alipewa, wakamzomea. Hakunitaja. Mwanangwa akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mwanawe. Sema mbele ya watu. Picha hii ni ya nani?"

Mama alinitazama bila wasiwasi wowote. Alijua nitasema ni yangu, nimeitoa kwenye vikombe, nimempa mimi. Mume wangu alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

Nikasema, "Yake."

Mama alifunga mzigo wake akaenda Kharumwa kwa kaka yake, kwa miguu. Hakulia, wala hakuniaga. Moshi wa nyumba yake niliuona nikiwa dukani, nauza viberiti.

Miaka ilipita, nikamweleza Mhindi mmoja wa stesheni, mwuza vyombo na sukari, juu ya picha ile. Akasema anazijua, yule si fisi, ni mbweha wa hadithi za Wajapani. Hugeuka mwanamke, akaolewa, akazaa, na siku watu wakimgundua hana budi kuondoka, na mtoto wake humfuata akilia mpaka porini. Alikuwa anasimulia huku anatabasamu. Nilimwambia anifungie sukari yangu niende zangu.

Mwaka uleule nikapata ujasiri wa kwenda Kharumwa. Nilimkuta mama anapura mtama. Nikasema shikamoo, akasema marahaba. Akanitandikia mkeka, mimi! Akachinja kuku. Nikishika mchi, ananipokonya taratibu: "Pumzika, umetoka mbali." Kwetu mtoto wa nyumbani akifika, hata hajatua mzigo, anatumwa maji. Mgeni ndiye hatumwi. Nilikaa siku tatu, mtungi uko pale mlangoni, mtupu, nauangalia. Kila asubuhi aliubeba mwenyewe.