Kibodi Niliyoiponda Mbele ya Kundi Zima

Hapa Same upepo ukianza, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Kwa hiyo kibodi yangu mpya ilipofika, ile ndogo yenye vitufe vya springi ambayo waandika programu wote wanaisifia, niliivisha nailoni kabla hata ya kuijaribu, kama mama kule Chome anavyoivisha rimoti ya televisheni.

Nikaanza kazi. Loo! Vitufe vizito kama matope! Nikibonyeza herufi moja, na ya jirani inashuka. Ule mlio mtamu wanaousifia, wapi! Nikachemka. Nikaandika kwenye kundi letu la waandika programu: "Neema ni tapeli. Ameniuzia takataka. Asinunue mtu kwake!" Watu wakanipa pole, na wengine wakaghairi oda zao palepale.

Neema akajibu kwa upole, "Kaka, hebu piga video tuone wote."

Nikapiga kwa jazba. "Haya, tazameni wenyewe wizi huu!" nikafoka, huku nikivibamiza vitufe.

Nikaituma video kundini.

"Kaka Elia," akasema Neema, "si uitoe kwanza kwenye mfuko wa mkate?"