Sura Haiendi kwa Mfadhili

Msimamizi wa ruzuku katika shirika letu, linalosaidia watoto wanaokinzana na sheria, alikuwa na kanuni moja: sura ya mtoto haiendi kwa mfadhili. Ripoti zake zilikuwa na picha za mikono inayopiga randa, viti vilivyokamilika na visogo.

Mwaka jana mfadhili aliandika kwamba bila sura hataongeza fedha za karakana ya useremala katika mahabusu ya watoto. Fundi aliyefundisha hapo alikuwa shemeji wa msimamizi, mume wa dada yake.

“Shemeji, picha tu! Wenyewe wanataka, wameshachana nywele,” fundi alimwambia.

“Ni watoto. Wanajua wanachokubali?”

“Basi watabasamu kidogo, sisi tule.”

“Kesho mmoja ataomba kazi, bosi afungue simu amwone chini ya bango la mahabusu. Utakuwepo umtetee?”

Fundi alicheka. “Ulimi wako mkali kuliko randa zangu,” alisema.

Msimamizi alituma picha za viti, na mfadhili akakataa. Wapo wanaosema mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo angelegeza kamba. Siafiki. Mtoto aliye kizuizini amebakiwa na vichache, na sura yake si yetu kuiuza. Lakini tusidanganyane kwamba haki ni ya bure. Karakana ilifungwa, watoto wakakosa ufundi, fundi akakosa kazi, na dada wa msimamizi hajakanyaga nyumbani kwa nduguye huyo mpaka leo.