Mana ya Nyakabiga

Rafiki yangu, mimi si mtu wa kushtuliwa na mahubiri. Nina malori, nina depo karibu na bandari, nina nyumba ya ghorofa mtaa wa wakubwa, Mutanga Sud, na vyote nimevipata kwa mgongo huu huu ulioanza kwa kubeba magunia. Shule niliiacha mapema na wala sikuililia. Kanisani nakaa mbele, maana mabenchi yale nimeyatoa mimi. Lakini Jumapili iliyopita mchungaji wetu kijana, aliyesomea lugha za kale, alifungua habari ya wana wa Israeli jangwani. Akasema neno "mana" wengi hulieleza hivi: "Nini hii?" Waliamka asubuhi wakakuta kitu cheupe kimetanda chini, hawakijui, wakaulizana, nini hii? Swali likawa jina la chakula.

Nilikuwa namsikia bibi yangu.

Yeye ndiye alinilea, mtaani Nyakabiga, chumba kimoja katika ua wa familia nyingi. Asubuhi alikwenda sokoni kuuza mboga za lengalenga, akizinyunyizia maji zisinyauke. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchota maji, na jioni kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, nikilipepea kwa kipande cha katoni mpaka machozi yanatoka. Saa hiyo vinu vilikuwa vinatwanga sombe, majani ya muhogo, kila ua, mawese yananukia, na ndagala, dagaa wa ziwani, zinakaangwa kwa wenye ndagala. Kwetu bibi alifunua chungu. Nami na njaa yangu nikauliza:

"Bibi, nini hii?"

"Mana."

"Apana, mi nauliza ni chakula gani!"

"Na mi nimekujibu. Kula."

Wewe unayejua Kirundi umeshaelewa shida yangu. Kwetu Mungu ni Imana, na mtu akiumia au akistaajabu hulia, "Mana yanje!", yaani Mungu wangu. Kwa hiyo nilichosikia mimi ni kwamba ndani ya chungu yumo Mungu. Nikawaambia watoto wa ua. Lo! Tangu siku hiyo, kila jioni walinipigia kelele: "We! Leo Mungu wenu ameiva? Ameingia chumvi?" Nimepigana sana kwa ajili ya neno lile. Nikakua nikiamini bibi alikuwa anaicheka njaa yangu, na huo mwiba, nakwambia wewe tu, haukuwahi kunitoka. Mzee mzima, na malori yangu, bado unachoma.

Basi baada ya ibada nikateremka Nyakabiga na suti yangu. Katika ule ua amebaki jirani mmoja tu wa zamani zetu, mama aliyetoka Uvira. Macho yamefifia, mdomo ni ule ule.

"Patron amekuja! Unataka kununua huu ua na mi ndani yake?"

"Apana, mama. Nataka uniambie kitu kimoja. Bibi alikuwa ananicheka, akisema chakula ni mana?"

Alicheka yeye, mpaka akashika mbavu. "We mutoto! Muchana kile chungu kilikuwa kinakaa wapi?"

Nikakumbuka. Kilikaa nje, mlangoni, na mfuniko wake juu.

"Ee. Anakiacha pale, anaenda soko. Mwenye kupita na kitu, anaweka. Mi niliweka sombe, mwengine maharage, mwengine ndizi. Akirudi, yeye mwenyewe anafunua, anauliza: nini hii? Hajui. Hajui hata nani ameweka. Siku moja nikamuuliza, mbona chakula unakiita jina la Mungu? Akasema: 'Kitu sijui kimetoka kwa nani, nitakiita nani?'"

Bibi hakujua lugha ya wana wa Israeli, hata herufi hakujua. Lakini lile neno lilikuwa limekaa mlangoni petu lote zima, swali pamoja na jibu. Hakuwa ananicheka. Alikuwa ananijibu kila siku, na mimi nasikia dhihaka. Nani sasa atampelekea habari hiyo? Kaburi halipokei simu.

"Na mbona mliacha kuweka?" nikauliza.

Akaniangalia kwa upole ambao sikuutaka. "We ulinunua kufuli, baba."

Ni kweli. Kwa pesa zangu za kwanza za bandarini nilileta mchele, nyama, sufuria mpya inayong'aa, na kufuli. Mlango wa kwanza wenye kufuli katika ua mzima ulikuwa wetu, na nilijivuna nao, usiniulize. Chungu kikaingia ndani. Leo sombe inauzwa sokoni imekwisha kusagwa kwa mashine, vinu vimenyamaza, na kwangu Mutanga ukuta una vipande vya chupa juu, hata paka hapiti. Mezani watoto wanajua kila kitu kilitoka duka gani. Hakuna anayeuliza.

Jioni ile ya kwanza ya kufuli sikumngoja bibi afunue. Nilitangaza nikiwa bado mlangoni, jirani wasikie: "Bibi, leo ni wali na nyama!"

Aliukalia mkeka, akaitazama sahani kwa muda, akasema taratibu, "Sawa, baba. Sasa tunajua tunachokula."

Nilidhani ananisifu.