Koti la Bingwa Lilivyoniumbua Oldonyo Sambu

Hili nawahadithia huku aibu imenijaa mpaka masikioni, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni tu, maana hata mke wangu hajamaliza. Kazi yangu ni kuzunguka mashuleni kutafutia wanafunzi chuo chetu kidogo cha Njiro, na tulipochukua kombe la mbio za vyuo nikajiaminisha kwamba watoto wenye akili watajileta wenyewe. Wapi! Walikuja wakimbiaji. Kozi ya maabara ikabaki na wanafunzi wa kuhesabu kwa vidole, na mkuu wa chuo akaniambia, "Safari hii nikikosa vichwa, hii kozi naifunga."

Basi tukaalikwa siku ya wazazi kwenye sekondari moja ya Oldonyo Sambu, alikosoma Naomi, binti aliyeongoza moko, ule mtihani wa majaribio wa wilaya. Huyo ndiye niliyemtaka. Sasa baridi ya kule (nyie mnaijua) ikanifanya niazime koti la mkimbiaji wetu, limeandikwa BINGWA mgongoni. Mwalimu mkuu kuliona tu, akanyakua kipaza sauti: "Wazazi, leo tumetembelewa na bingwa mwenyewe!" Vigelegele! Ningesema tu "nimeazima, mwalimu," yangeisha. Mimi nikapunga mkono.

Watoto wa kule wanakimbia tangu wanatambaa, wakataka bingwa azunguke nao uwanja. Nikajitetea weee, wakazidi kuimba "Bingwa! Bingwa!", mama mmoja ananisukuma mgongoni, na tumboni nina bakuli zima la loshoro, mahindi na maziwa mgando, nililokaribishwa muda si mrefu. Nikatoka mbio kama mwizi, mzunguko wa kwanza naongoza, nikaanza hata kujiamini (mjinga mimi). Wa pili vitoto vya kidato cha kwanza vinanipita vinacheka, na nilipofika meza kuu nikaanguka kifudifudi, na loshoro yote ikarudi ilikotoka. Mbele ya mchungaji aliyeketi hapo mezani, jamani!

Nikasikia, "Msimzunguke, mwacheni apate hewa." Kufumbua macho, binti mmoja kanilaza ubavu, kanishika mkono anapima mapigo ya moyo.

"Shikamoo," anasema. (Nimelala kwenye matapishi, naamkiwa!)

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Naomi."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama yake akainama. "Baba, wewe ni bingwa kweli?"

"Hapana, mama. Koti nimeazima."

"Haya. Mwanangu haji huko kukimbia. Mna nini kingine?"

Nguvu za kujinadi sikuwa nazo tena. Nikamwambia hadubini zetu ni chache ila zinafanya kazi, mwalimu wa maabara haondoki mpaka wa mwisho aelewe, na maji hukatika, siku nyingine tunachota kwa ndoo. Naomi akauliza kama wasichana wanashika vifaa wenyewe au wanaangalia tu. Nikasema wanashika, kila siku.

Nikarudi mjini nikijua nimeizika ile kozi kwa mikono yangu. Lakini masomo yalipoanza, Naomi huyo getini, na wenzake wanne nyuma yake! Kozi ipo mpaka leo. Juzi nikamuuliza kama lile kombe lilimvuta hata kidogo.

"Lilinifanya nisogee kuwasikiliza, mwalimu," akasema, "ila niliamua pale uliposema maji hukatika."

Tangu hapo, jamani, popote ninaposimama mbele ya wazazi, la maji ndilo nalitaja kwanza.